Kipeo kimeshika nini? Kurahisisha mitajo ya aljebra yenye vipeo

Chukua −3². Jibu ni −9. Chukua (−3)². Jibu ni 9. Sasa fungua Excel uandike =-3^2, nayo itakupa 9, wakati lugha ya programu ya Python ukiiandikia -3**2 (nyota mbili ndiyo alama yake ya kipeo) itakupa −9. Hakuna aliyekosea kuzidisha hapo. Kinachobishaniwa ni jambo moja tu: ile 2 ndogo ya juu imeshika nini? Kwenye −3² imeshika 3 peke yake, na alama ya hasi imebaki nje inasubiri zamu yake. Kwenye (−3)² imeshika mabano mazima pamoja na hasi iliyomo. Excel imeamua kuisoma hasi ya mwanzo kama sehemu ya namba yenyewe, ndiyo maana inatofautiana na vitabu vya shule.

Naanzia hapo makusudi. Makosa mengi ya vipeo hayaletwi na kusahau kanuni. Mwanafunzi anazijua kanuni zote zilizobandikwa ukutani, anaweza kuzitaja hata akiamshwa usiku, halafu anaandika (2x³)⁴ = 2x¹². Kanuni kaitumia sawasawa: kipeo juu ya kipeo, zidisha, 3 × 4 ni 12. Hakuona tu kwamba ile 4 imeshika na 2 pia. Jibu sahihi ni 16x¹².

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, pitia mtajo wote kwa macho, na kwa kila kipeo jiulize kimeshika nini. Kipeo hushika kile tu kilichogusana nacho upande wa kushoto. Kikigusana na herufi, kimeshika herufi hiyo moja. Kikigusana na mabano yanayofunga, kimeshika vyote vilivyomo ndani. Basi. Kwenye 5x² kipeo hakina habari na 5. Kwenye ab³ hakina habari na a.

Kanuni zote ni kuhesabu

x³ ni ufupisho wa x·x·x. Namba au herufi ya chini ni kizio, ya juu ni kipeo. Namna hii ya kuandika ilienea baada ya kazi ya René Descartes ya mwaka 1637, na yeye mwenyewe mara nyingi aliandika aa pale ambapo sisi tungeandika a². Si ajabu: aa na a² zinachukua nafasi ileile kwenye karatasi. Ufupisho unaanza kulipa kuanzia kipeo cha tatu na kuendelea.

Ukikumbuka kwamba ni ufupisho, kanuni hujileta zenyewe. x³ × x⁴ ni x tatu zikizidishwa na x nne, jumla saba, yaani x⁷. Vipeo vinajumlishwa kwa sababu unahesabu x ziko ngapi. x⁵ ÷ x² ni x tano juu na mbili chini. Mbili za juu zinakatana na mbili za chini, zinabaki tatu, x³. (x³)⁴ ni fungu la x tatu lililorudiwa mara nne, kumi na mbili, x¹². Na (xy)³ ni xy·xy·xy: x tatu na y tatu, x³y³. Ukisahau kama ni kujumlisha au kuzidisha, usikae kukisia. Andika x²·x³ kwa kirefu pembeni, hesabu, rudi.

Kuhesabu huku kuna sharti ambalo watu wanalipita haraka: kizio lazima kiwe kilekile. x³y⁴ haiungani na kuwa kitu kingine, imeshamalizika hapo. Na kizio chenyewe hakibadiliki. 2³ × 2⁴ ni 2⁷, si 4⁷. Kwa namba ni rahisi kuona: 8 × 16 = 128, ambayo ni 2⁷. Ile 4⁷ ni 16,384, mbali kabisa.

Kipeo kisichoandikwa ni 1. x × x³ ni x⁴, si x³. Kosa hili ni dogo lakini hutokea sana kwenye mitajo mirefu, pale x ya peke yake inapojificha katikati ya herufi nyingine. Kwenye 6x²yz × 2xy³ ni vizuri kuandika kwa penseli ile 1 juu ya y ya kwanza, ya z, na ya x ya pili, kabla hujaanza. Jibu: 12x³y⁴z. Namba na namba zinazidishana kama kawaida (6 × 2), herufi ndizo zinazojumlisha vipeo. Anayeandika 8x³y⁴z amejumlisha kila alichokiona.

MAGAZIJUTO na nafasi isiyokuwepo

Waliosoma shule ya msingi Tanzania wanakumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri, ila ukikitazama vizuri hakina vipeo ndani yake. Mtoto anayekifuata neno kwa neno akikutana na 2 × 3² atazidisha kwanza, apate 6, kisha 36. Jibu ni 18. Vipeo vinakaa mara baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha. Ukilijua hilo, swali la −3² la hapo juu linajijibu: kipeo kinafanya kazi kwanza, hasi inafuata.

Hili linauma zaidi unapoweka namba mahali pa herufi. Tafuta −x² ikiwa x = −3. Weka namba pamoja na mabano yake: −(−3)² = −(9) = −9. Bila mabano watu huandika −−3², wanaona hasi mbili, wanazifanya chanya, wanapata 9. Desturi ya kuweka mabano kila unapoingiza namba hasi inagharimu nusu sekunde tu.

Na kwa vile tuko hapa: hasi ndani ya mabano ikishikwa na kipeo shufwa inageuka chanya, ikishikwa na kipeo witiri inabaki hasi. (−2)⁴ = 16, (−2)³ = −8. Lakini −2⁴ = −16, daima, kwa sababu hasi haikushikwa.

Sifuri na vipeo hasi

Shuka ngazi hii: 2⁴ = 16, 2³ = 8, 2² = 4, 2¹ = 2. Kila hatua unagawa kwa 2. Hatua inayofuata ni 2⁰, na 2 ikigawanywa kwa 2 ni 1. Inayofuata ni 2⁻¹ = ½, kisha 2⁻² = ¼, kisha 2⁻³ = ⅛. Ngazi haikatiki popote. Kipeo cha sifuri kinatoa 1, na kipeo hasi kinatoa 1 juu ya kizio chenye kipeo chanya. Jibu haliwi hasi kwa sababu kipeo ni hasi. 2⁻³ ni namba ndogo, lakini ni chanya.

Kwa kugawanya unafika palepale: x⁵ ÷ x⁵ ni 1, na kwa kutoa vipeo ni x⁰. Hivyo x⁰ = 1, mradi x si sifuri, kwa kuwa huwezi kugawa kwa sifuri. Excel ukiiandikia =0^0 inakataa na kukuletea alama ya kosa; Python ukiiandikia 0**0 inakupa 1. Kwenye kurahisisha mitajo ya shuleni tunachukulia tu kwamba herufi si sifuri, na swali zuri husema hivyo waziwazi.

Swali la kipeo kimeshika nini linarudi hapa kwa nguvu. Linganisha:

2x⁻³ = 2/x³

(2x)⁻³ = 1/(8x³)

Kwenye ya kwanza, −3 imeshika x tu. x inashuka chini, 2 inabaki juu ilipo. Kwenye ya pili imeshika vyote, na vyote vinashuka, 2 ikishuka na kipeo chake: 2³ = 8. Kosa la kawaida ni kuandika 2x⁻³ = 1/(2x³), yaani kuiburuta 2 ambayo haikuguswa. Lingine ni kuipa 2 alama ya hasi: −2x³. Kipeo hasi hakigeuzi alama ya mtajo. Kinahamisha kitu kati ya kiasi na asili, na kikihama kinapoteza hasi yake: x⁻³ ya juu inakuwa x³ chini, na x⁻³ ya chini inakuwa x³ juu. Sehemu nzima ikishikwa na kipeo hasi inapinduliwa: (2/3)⁻² = (3/2)² = 9/4.

Vivyo hivyo na sifuri. 3m⁰ ni 3 × 1 = 3. (3m)⁰ ni 1.

Mtajo mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue wa kutosha kutoa jasho:

(3a⁻²b³)² ÷ (6a³b⁻¹)

Anza na mabano yenye kipeo nje. Ile 2 imeshika vitu vitatu: 3, a⁻², na b³. Kila kimoja kipate:

3² · a⁻⁴ · b⁶ = 9a⁻⁴b⁶

Sasa kugawanya. Usifanye yote kwa mkupuo mmoja. Fanya namba, kisha a, kisha b, kila moja kivyake:

namba: 9/6 = 3/2

a: −4 − 3 = −7

b: 6 − (−1) = 7

Mstari wa b ndio unaowaangusha wengi. Kutoa hasi ni kujumlisha, na anayeandika 6 − 1 = 5 anapoteza alama kwa kosa la hesabu za darasa la sita. Andika mabano ya (−1) hata kama unajiamini.

Tunapata (3/2)a⁻⁷b⁷. a inashuka: 3b⁷/(2a⁷). Hapo ndipo mwisho: mabano yameisha, kila herufi imetokea mara moja tu, hakuna kipeo hasi, na sehemu ya namba imefupishwa. Ukifika hapo usiendelee kutafuta kingine cha kufanya.

Kuna wanaopendelea kuhamisha vipeo hasi kwanza kabla ya kugawanya. Wanaandika 9b⁶/a⁴ kwanza, na b⁻¹ ya chini wanaipandisha juu, na kila kitu kinabaki chanya tangu mwanzo. Jibu ni lilelile. Kwa mtu anayechanganyikiwa na kutoa hasi, hii ndiyo njia ningempa, maana inaondoa ile 6 − (−1) kabisa.

Njia ya kuhakikisha: weka namba. Lakini chagua namba kwa akili. Wengi huweka 1, na 1 ni shahidi dhaifu: 1 kwa kipeo chochote ni 1, kwa hiyo itakuonyesha kosa kwenye namba za mbele tu, vipeo vyote vitapita hata vikiwa vibovu. Sifuri ni mbaya zaidi. Na 2 inadanganya kwa sababu 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4. Aliyechanganya x² na 2x atajiona yuko sawa. Tumia 3, au bora zaidi 10, kwa sababu kipeo cha 10 unakisoma kwa kuhesabu sifuri bila kikokotoo. Angalia (2x³)⁴ kwa x = 10: ni 2000⁴, ambayo ni 16 ikifuatiwa na sifuri kumi na mbili. Ndiyo 16x¹², imejiandika yenyewe.

Mtajo ukiwa na herufi mbili, usizipe namba moja. Kwenye mfano wetu, ukiweka a = 10 na b = 10, b⁷ na a⁷ zinakatana, unabaki na 3/2, na hata aliyepata 3b⁵/(2a⁵) atatoka na 3/2 hiyohiyo. Weka a = 10 na b = 1: juu ni (3/100)² = 9/10,000, chini ni 6,000, na 9 ikigawanywa kwa 60,000,000 ni sawa na 3/20,000,000. Jibu letu linasema 3/(2 × 10⁷). Sawa. Kisha geuza, a = 1 na b = 10, uikague b.

Jumla na tofauti: hapa kanuni zinanyamaza

Kanuni za vipeo zilitokana na kuhesabu vitu vinavyozidishana. Ikitokea alama ya kujumlisha au ya kutoa, hazina la kusema. x³ + x⁴ haiwi x⁷. 2³ + 2⁴ ni 8 + 16 = 24, wakati 2⁷ ni 128. Unaweza kuunganisha vipande vya aina moja tu, yaani herufi ileile na kipeo kilekile: 5x³ + 2x³ = 7x³. Tazama, kipeo hakikuguswa. Anayeandika 7x⁶ amekumbuka kujumlisha vipeo mahali pasipohusika.

Kinachowezekana kwenye x³ + x⁴ ni kutoa nje kilicho sawa: x³(1 + x). Mara nyingi hiyo ndiyo siri ya maswali yanayotisha kwa sura:

(3ⁿ⁺² − 3ⁿ) ÷ (8 × 3ⁿ⁻¹)

3ⁿ⁺² ni 3ⁿ × 3², yaani 9 × 3ⁿ. Juu kunakuwa 9·3ⁿ − 3ⁿ = 3ⁿ(9 − 1) = 8 × 3ⁿ. Zile 8 zinakatana, 3ⁿ ÷ 3ⁿ⁻¹ ni 3¹. Jibu ni 3, na n imetoweka. Kipeo chenye jumla ndani yake, kama n + 2, kivunje kuwa kuzidisha. Kanuni inakwenda pande zote mbili, na watu wengi wanaitumia upande mmoja tu.

Mabano yenye jumla ndani ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. (x + y)² si x² + y². Weka 3 na 4: 7² = 49, wakati 9 + 16 = 25. Zinazopungua ni 2xy, yaani 24. Kipeo kinagawiwa kwa vitu vinavyozidishana ndani ya mabano, si kwa vinavyojumlishwa. (xy)² na (x + y)² zinafanana kwa sura lakini haziendi njia moja.

Mtego huohuo ukivaa kipeo hasi hautambuliki kirahisi: (x⁻¹ + y⁻¹)⁻¹. Wengi huona hasi mbili, wanazifuta, wanaandika x + y. Fanya polepole. Ndani ni 1/x + 1/y = (y + x)/(xy). Pindua: xy/(x + y). Waliosoma fizikia wanaijua vizuri: ndiyo namna ya kupata ukinzani wa vikinza viwili vilivyounganishwa sambamba. Kikinza cha omu 3 na cha omu 6 vinatoa 18/9, omu 2. Anayepata 9 ameviunga kwa mfululizo bila kujua.

Kukata pia kunaharibika panapokuwa na jumla. (x³ + 6)/x si x² + 6. Kukata ni kugawanya, na ukigawanya juu unagawanya kila kipande: x² + 6/x. Kwa x = 3, juu ni 33, ukigawa kwa 3 ni 11; x² + 6/x inatoa 9 + 2 = 11; ile ya makosa inatoa 15. Kata kile tu kinachozidisha sehemu yote ya juu na sehemu yote ya chini.

Kosa jingine halihusu vipeo lakini huharibu majibu mengi: mtajo si mlinganyo. Hakuna alama ya sawasawa, kwa hiyo huwezi "kuzidisha pande zote" ili kuondoa asili. Mtu anapewa x⁴/3 + x⁴/6, anazidisha kwa 6, anaandika 3x⁴. Sita aliyoiingiza haikurudi kwenye asili. Jibu ni 3x⁴/6, yaani x⁴/2.

Vizio tofauti vyenye asili moja

8ⁿ × 4ⁿ⁺¹ ÷ 2⁵ⁿ

Maswali ya namna hii yanapendwa sana kwenye mitihani. Vizio ni 8, 4 na 2. Havifanani, kwa hiyo kujumlisha vipeo moja kwa moja hakuruhusiwi, na kuzidisha vizio ili upate 32²ⁿ⁺¹ ni makosa mara mbili. Vunja kila kizio kuwa namba tasa: 8 = 2³, 4 = 2². Weka mabano:

(2³)ⁿ × (2²)ⁿ⁺¹ ÷ 2⁵ⁿ = 2³ⁿ × 2²ⁿ⁺² ÷ 2⁵ⁿ

Zingatia kwamba 2 inazidisha n + 1 yote, hivyo 2n + 2, si 2n + 1. Vipeo: 3n + 2n + 2 − 5n = 2. Jibu ni 2² = 4. Kwa n = 1: 8 × 16 ÷ 32 = 4. Inakubali.

Inafaa kuzifahamu kwa kichwa namba chache: vipeo vya 2 hadi 2¹⁰ = 1,024, vya 3 hadi 3⁵ = 243, vya 5 hadi 5⁴ = 625. Ukiona 243 kwenye swali usipoteze muda kugawanya. Mtunzi aliiweka kwa sababu ni 3⁵.

Vipeo vya sehemu, kwa ufupi

Asili ya kipeo ni kipeuo, kiasi chake ni kipeo cha kawaida. 8^(2/3): kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kisha 2² = 4. Anza na kipeuo kila mara, namba zinabaki ndogo. 16^(3/4) ukianza na kipeo unapata 4,096 na unabaki kutafuta kipeuo chake cha nne; ukianza na kipeuo ni 2, kisha 2³ = 8.

Kikija na hasi, pindua kwanza: (27/64)^(−2/3) = (64/27)^(2/3) = (4/3)² = 16/9. Na kumbuka namba ya mbele: (9x⁴)^(1/2) ni 3x². Kosa la 9x² ni lilelile la mwanzo kabisa, na la 4.5x² ni la aliyezidisha 9 kwa nusu.

Tahadhari moja: (x²)^(1/2) ni x pale tu x isipokuwa hasi. Kwa x = −3, mraba ni 9 na kipeuo chake ni 3, si −3.

Kikokotoo na vipeo vya 10

Mwanga unasafiri takribani mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, na Jua liko umbali wa takribani mita 1.5 × 10¹¹. Muda wa mwanga kutufikia: 1.5 ÷ 3 = 0.5, na 10¹¹ ÷ 10⁸ = 10³, hivyo sekunde 500, zaidi kidogo ya dakika nane. Kwa mkono ni mistari miwili. Kwenye kikokotoo, ukibonyeza 1.5 × 10^11 ÷ 3 × 10^8 hivyohivyo, unapata 5 × 10¹⁸. Kikokotoo kimegawa kwa 3, kisha kikazidisha kwa 10⁸ kikitoka kushoto kwenda kulia, kama kilivyofundishwa. Weka mabano kwenye (3 × 10^8), au tumia kitufe cha ×10ˣ (kwenye baadhi kimeandikwa EXP), ambacho kinaichukua 3 × 10⁸ kama namba moja.

Vipeo vilivyopandana navyo vina ugomvi wake. 2^3^2 kwa desturi ya hisabati inasomwa kuanzia juu: 3² = 9, kisha 2⁹ = 512. Python inafuata hivyo ukiiandikia 2**3**2. Excel inasoma kutoka kushoto, (2³)² = 64. Mwandikie yeyote mabano.

Ya kujipima

Fanya kwanza kwa karatasi, majibu yako chini.

(a) (−2x²y)³ × xy⁻⁴

(b) (5m⁻¹n²)⁰ + 3m⁰

(c) (4p³)⁻² ÷ (2p)⁻³

(d) 25ⁿ × 5¹⁻ⁿ ÷ 5ⁿ⁻¹

(e) (2ⁿ⁺³ − 2ⁿ⁺¹) ÷ (3 × 2ⁿ)

Majibu. (a) −8x⁷/y, ukipata chanya, ile 3 hukuipa hasi. (b) 4, aliyepata 2 ameshika 3 kwa kipeo kisichoishika. (c) 1/(2p³): ya kwanza ni 1/(16p⁶), ya pili ni 1/(8p³), na kugawa kwa sehemu ni kuipindua na kuzidisha, hivyo 8p³/(16p⁶). (d) 25; kipeo cha mwisho kinatolewa chote, −(n − 1) = −n + 1, na aliyepata 1 aliandika −n − 1. (e) 2, juu ni 2ⁿ(8 − 2).